Maduka ya Baada ya Vita katika Mbeya na Iringa: Je, Nayo ni Mambo ya Kale?

Mwalimu wa historia katika Nyanda za Juu za Kusini anapotaka kuwaonyesha wanafunzi wake mambo ya kale, aghalabu huwapeleka Isimila, penye zana za mawe zilizogunduliwa mwaka 1951, au Kalenga, palipohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Safari hizo ni za lazima, wala makala haya hayakusudii kuzipunguzia heshima. Lakini njiani gari husimama mjini Iringa, na wanafunzi hushuka kununua mikate na soda katika maduka ya Uhindini. Hukaa kivulini barazani, huegemea nguzo, hula, kisha hupanda gari na kuondoka. Ni nadra kumsikia mmoja wao akiuliza baraza lile lilijengwa lini, na nani, na kwa saruji iliyotoka wapi. Hali kati ya maduka hayo, na kati ya yale ya Uhindini ya Mbeya, yamo yaliyo rika moja na tukio lile la 1954: yalijengwa baina ya mwisho wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwaka 1945, na Uhuru wa Tanganyika, mwaka 1961.

Basi hapana budi kuuliza: duka la kuuzia vitambaa na mafuta ya taa, lenye umri wa miaka sabini hivi, ambalo halikujengwa na mtemi wala kupiganiwa na jeshi, laweza kuhesabiwa katika urithi wa taifa? Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba laweza, kwa sababu jengo kama hilo ni hati. Linaeleza jinsi watu walivyonunua na kuuza, walivyogawanywa kwa rangi, walivyojenga kwa vifaa haba, na walivyokabiliana na baridi na mvua za nyanda za juu. Mengi ya mambo hayo hayakuandikwa katika majalada ya serikali.

Biashara iliyoyazaa

Wakati wa vita saruji, mabati na misumari vilikuwa adimu, maana meli zilipakia kwanza mahitaji ya majeshi. Vita vilipokwisha, na hasa mwanzoni mwa miaka ya 1950, bei za mazao zilipanda katika masoko ya dunia. Kahawa ya Mbozi na Rungwe, chai ya Rungwe na Mufindi, tumbaku na pareto ya Iringa, vyote vilileta fedha. Kutoka Rungwe vijana walikwenda kwa mikataba kwenye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na ya Afrika Kusini. Nao waliporudi walitaka blanketi, baiskeli, koti na cherehani. Mji wa Mbeya wenyewe ulianzishwa mwaka 1927 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Dhahabu hiyo ilipofifia katika miaka ya 1950 mji wa Chunya ulififia nayo, bali Mbeya ulisalimika, kwa kuwa ulikaa juu ya Barabara Kuu ya Kaskazini iliyotoka Rhodesia kuelekea Kenya, na maduka yake yalikwisha kupata wateja wa pande zote.

Msomaji wa leo, aliyezoea malori yatokayo Dar es Salaam usiku na kufika asubuhi, yafaa akumbuke kwamba barabara ya lami ya kwenda Zambia ilikamilika mwaka 1973 tu, na ujenzi wa reli ya TAZARA mwaka 1975. Kabla ya hapo bidhaa za Iringa na Mbeya zilisafiri kwa Reli ya Kati mpaka Dodoma, zikapakiwa katika malori ya shirika la reli, na kupanda kusini kwa barabara ya udongo kwa kilomita 260 hivi hata Iringa, na zaidi ya kilomita 300 nyingine hata Mbeya. Masika yalipokaza, safari hiyo ilisimama. Mwenye duka alilazimika kuwa na akiba ya chumvi, sukari, khanga na mafuta ya taa ya kumvusha mpaka njia ikauke. Ndiyo sababu mtu akipita mlango wa nyuma wa duka la wakati ule hukuta mara nyingi kwamba ghala ni kubwa kuliko chumba cha kuuzia. Ukubwa wa ghala ni kipimo cha ubovu wa barabara. Vivyo hivyo, vyumba vingi vya aina hiyo ambavyo vimekatwa kwa kuta nyembamba na kupangishwa kuwa ofisi au vibanda vya simu vinatueleza kwamba siku hizi akiba ya miezi haihitajiki tena.

Kulisoma jengo

Mpango wa duka la aina hii hautofautiani sana toka mji mmoja hata mwingine. Mbele pana baraza lililoinuliwa ngazi moja au mbili juu ya barabara. Nyuma yake chumba cha kuuzia chenye milango miwili au mitatu mipana ya mbao. Kisha makao ya familia, nyuma au ghorofani. Halafu ua, jiko na ghala. Juu ya baraza huinuka ukuta mfupi unaoficha mabati ya paa. Ukuta huo ndio uliopambwa kuliko sehemu yoyote: umekatwa ngazi ngazi, au umeviringishwa pembeni, au umechorwa mistari mitatu iliyonyooka, na katikati yake pengine pana jina na mwaka kwa maandishi ya saruji yaliyochomoza. Mtindo huo ulipendwa Ulaya, Marekani na Bombay tangu miaka ya 1930, ukaingia Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, kisha ukapanda nyanda za juu ukiwa umepunguzwa mapambo na gharama.

Jambo linalostahili kutazamwa zaidi ni mahali saruji ilipotumiwa. Tanganyika haikuwa na kiwanda cha saruji. Kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza mwaka 1966, na cha Songwe, karibu na Mbeya, mwaka 1983. Kabla ya hapo kila mfuko uliofika Iringa ulikuwa umevuka bahari au mpaka, ukapanda reli, ukapanda lori. Matofali, kwa upande wake, yalifinyangwa na kuchomwa papo hapo kwa kuni. Kwa hiyo fundi alitumia saruji kwa uchoyo. Ukiitafuta utaiona kwenye sakafu ya baraza, kwenye nguzo, juu ya milango, na katika lipu ya uso wa mbele. Nenda uani ukaangalie ukuta wa nyuma: pengine utakuta matofali matupu yaliyoungwa kwa udongo, hayana lipu kabisa. Saruji ilikwenda palipobeba uzito na palipoonwa na mteja. Mwanafunzi akipima kwa futi kamba sehemu zenye saruji na sehemu zisizo nayo, atakuwa amefanya utafiti wa uchumi bila kufungua kitabu cha hesabu cha mfanyabiashara yeyote.

Baraza na jua

Baraza hudhaniwa kuwa ni pambo au kinga ya mvua tu. Mwalimu wa jiografia au wa hisabati aweza kulitumia kufundisha mwendo wa jua. Mbeya uko karibu digrii 8.9 kusini ya ikweta. Mwishoni mwa Juni, wakati wa baridi kali, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kwa mwinuko wa digrii 58 hivi; mwishoni mwa Desemba huwa upande wa kusini kwa mwinuko wa digrii 75 na nusu. Tuchukue baraza linaloelekea kaskazini, lenye kina cha mita 2, na ambalo ukingo wa paa lake uko mita 3 juu ya sakafu. Katika Juni miali ya adhuhuri itaingia ndani ya ukingo huo kwa kiasi cha 3 kugawanywa kwa tanjenti ya 58°, yaani mita 1.9 hivi. Maana yake, jua litaipasha moto karibu sakafu yote ya baraza, likakomea hatua chache tu za vidole kabla ya ukuta, wala halitagusa vitambaa vilivyotundikwa mlangoni. Katika Desemba baraza hilo halipati jua la adhuhuri hata kidogo. Baraza la upande wa pili wa mtaa, linaloelekea kusini, hupata jua la Desemba kwa kina kisichofika mita 0.8.

Fundi cherehani aliyepanga mahali pa kuweka mashine yake barazani alilijua jambo hili kwa mwili wake. Wanafunzi na wapime mabaraza yenyewe, wafanye hesabu, kisha waangalie mafundi wa leo hukaa upande upi wa mtaa katika Juni.

Ukuta nao una kazi yake. Ukuta wa tofali wenye unene wa sentimita 23 huchelewesha joto kupenya kwa saa sita hivi. Joto lililopokelewa mchana hufika ndani jioni, wakati ambapo Mbeya, iliyoko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, huanza kuwa baridi. Jengo la vioo lililo wazi kwa jua la mchana haliwezi kufanya hivyo. Huwa tanuri saa nane, na likapoa upesi jua likizama.

Tusiyasifu majengo haya kupita kiasi. Mbeya umekaa katika Bonde la Ufa, mahali linapogawanyika kuelekea Rukwa na Ziwa Nyasa, na tetemeko kubwa la Rukwa la Desemba 1910 lilikuwa na ukubwa wa 7.4 hivi. Kuta za matofali zisizo na vyuma, na hasa zilizoungwa kwa udongo, ni dhaifu zikitikiswa kwa upande. Ule ukuta mfupi wa mbele, ulio mzuri machoni, ndio unaoelekea kuanguka kwanza, tena juu ya wapita njia. Kuuhifadhi maana yake ni kuufunga kwa mkanda wa zege au kwa vyuma nyuma yake, mahali pasipoonekana. Na yeyote anayetaka kuongeza ghorofa juu ya kuta hizo bila ushauri wa mhandisi anahatarisha maisha ya watu.

Mtaa mmoja na mtaa mwingine

Jina lenyewe, Uhindini, ni hati. Serikali ya kikoloni iligawa miji kwa rangi: mahali pa Wazungu penye bustani na nafasi, mahali pa Wahindi penye biashara, na mahali pa Waafrika, ambapo viwanja vilikuwa vidogo na majengo ya kudumu hayakutazamiwa. Maduka ya matofali na ghorofa hayakujipanga mtaa mmoja kwa bahati. Ziliwekwa sheria, katika miaka ya 1920 na 1930, zilizozuia Waafrika kukopeshwa na wafanyabiashara pasipo kibali. Ilisemwa kwamba ni kwa kuwalinda wasiingie madeni. Lakini biashara ya rejareja huendeshwa kwa mkopo: mwenye duka huchukua mali kwa tajiri wa jumla, huuza, kisha hulipa. Aliyezuiwa mkopo alizuiwa ghala, na aliyezuiwa ghala hakuweza kujenga ghorofa.

Kwa sababu hiyo wako wanaosema kwamba majengo hayo ni kumbukumbu za unyonge wetu na yafaa yabomolewe. Hoja hiyo ina uzito wala haifai kubezwa. Hata hivyo, mtaa ukibomolewa hoja yenyewe hupoteza shahidi wake. Mji wa Asmara, Eritrea, ulijengwa kwa sehemu kubwa na Waitalia katika miaka ya 1930, tena kwa ubaguzi mkali wa rangi. Waeritrea wenyewe wakauhifadhi, na mwaka 2017 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na maduka, sinema na vituo vyake vya mafuta. Tena si kila kilichomo Uhindini ni cha mwenye duka peke yake. Wenye maduka wengi walikuwa wapangaji au wadeni wa matajiri wakubwa wa pwani. Matofali yalichomwa na Waafrika, na barazani walikaa mafundi cherehani Waafrika ambao kazi yao ndiyo iliyogeuza jora la kitambaa kuwa nguo. Mwaka 1951 ilifunguliwa shule ya ufundi ya Ifunda, kusini ya mji wa Iringa, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Poland wakati wa vita, ikafundisha uashi na useremala. Alama ya mikono hiyo imo kutani.

Lazima pia tuvuke Uhindini tufike kwenye vitongoji, yaani mitaa kama Mwanjelwa kule Mbeya, au Mlandege na Kitanzini hapa Iringa. Duka la kitongojini la miaka ya 1950 lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kuishi: kuta za tofali mbichi, paa la bati, na dirisha la mbao linalofunguka kwenda juu na kushikiliwa na kijiti. Kaunta ilikuwa ubao mmoja. Chumvi ilipimwa kwa kopo na mafuta ya taa kwa chupa. Kwa maoni yangu maduka hayo yana thamani ya urithi kupita yale ya Uhindini, kwa kuwa ndiyo mwanzo wa biashara ya Waafrika mjini, na kwa kuwa hayana jina wala mwaka ukutani. Ndiyo pia yanayotoweka haraka zaidi. Tofali mbichi huyeyuka paa likivuja misimu michache, na mwenye nyumba akipata fedha hujenga upya, jambo ambalo ni haki yake. Moto nao hauchagui: soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, na kumbukumbu nyingi za wafanyabiashara wa eneo hilo ziliteketea nalo.

Mwaka 1971 na matokeo yake

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliitia serikali katika biashara ya jumla, na baadaye kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, iliyojulikana na wote kwa jina la RTC. Mwezi Aprili 1971 ikapitishwa sheria ya kutwaa majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuyakalia yote. Nchi nzima yalitwaliwa karibu majumba 3,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ikalenga kuyafunga maduka ya watu binafsi vijijini na kuweka ya ushirika mahali pake. Kisha ukaja uhaba wa mwanzo wa miaka ya 1980, rafu zikabaki tupu, na baada ya 1984 biashara ikafunguliwa tena.

Historia yote hiyo imepita juu ya milango ile ile. Katika nyumba za namna hii, rangi ikibanduka huweza kuonekana jina la mfanyabiashara wa 1952, juu yake herufi za RTC, na juu yake tangazo la kampuni ya simu. Mtu anayekwangua kuta zote mpaka tofali ili apake rangi mpya anafuta maandishi matatu kwa mara moja.

Iko kinaya katika habari hii. Sheria ya 1971 ilikusudiwa kuwaondoa wenye nyumba wa kupangisha, si kuhifadhi mambo ya kale. Lakini kodi za pango zilikuwa ndogo, fedha za kujenga upya hazikuwapo, na hivyo majumba mengi ya Uhindini katika miji ya mikoani yalibaki kama yalivyokuwa, machakavu lakini kamili, kwa muda wa miaka thelathini na zaidi. Umaskini ndio uliokuwa mhifadhi. Sasa viwanja hivyo, vilivyo katikati ya miji, vimepanda thamani, na katika miji mbalimbali Shirika limejenga upya viwanja vya aina hiyo, mara nyingine kwa ubia na wawekezaji. Kwa kuwa mwenye mali ni mmoja, uamuzi mmoja waweza kuondoa safu nzima. Lakini kwa sababu hiyo hiyo uamuzi mmoja waweza pia kuiokoa.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye hulindwa endapo Waziri amelitangaza. Kwa kipimo hicho hata Boma la Iringa, lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 na kufunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016, haliingii kwa umri wake. Duka la 1950 liko mbali zaidi: lingelazimika kungoja tangazo, na tangazo huhitaji mtu wa kulipendekeza akiwa na vipimo, picha na sababu mkononi. Zanzibar ilichukua njia nyingine kwa Mji Mkongwe, ikaunda mamlaka maalumu mwaka 1985, miaka 15 kabla ya mji huo kuingia katika orodha ya UNESCO. Thamani yake ilihesabiwa kwa mitaa, wala si nyumba moja moja.

Hilo ndilo funzo linalozifaa Mbeya na Iringa. Kuhifadhi kila duka hakuwezekani wala hakutakiwi. Miji lazima ipumue. Bali kuhifadhi duka moja peke yake, huku limezungukwa na maghorofa, ni kuhifadhi jino moja na kuliita kinywa. Mabaraza yaliunganishwa ili mtu atembee mtaa mzima bila kulowa. Ingefaa safu moja ya Uhindini katika kila mji, yenye nyumba sita au nane zilizoshikana, ibaki na mabaraza na nyuso zake za mbele, na nyuma yake kujengwe yatakiwayo. Pamoja nayo yachaguliwe maduka mawili matatu ya vitongojini, kwa hiari ya wenyewe na kwa msaada wa matengenezo.

Matengenezo yenyewe yataka maarifa. Kuta za zamani mara nyingi hazina tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, na maji hupanda katika tofali kama mafuta yapandavyo katika utambi. Ukuta ukiachwa upumue, unyevu huo hutoka kwa mvuke. Mwenye duka akiufunika kwa lipu ngumu ya saruji, rangi ya mafuta au vigae, maji hukosa njia, hupanda juu zaidi, na tofali huliwa na chumvi likiwa limefichwa. Siku vigae vinapoanguka huanguka na unga wa tofali. Dawa ni chokaa, mifereji ya paa isiyovuja, na mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi.

Shule ya sekondari haihitaji fedha nyingi kuanza. Futi kamba ya mita 30, karatasi za miraba, penseli na simu yenye kamera vinatosha. Wanafunzi waombe kwanza ruhusa ya mwenye duka au mpangaji, na waeleze wanachokitafuta, maana mtu anayepima jengo hushukiwa upesi kuwa mtu wa kodi au wa kubomoa. Wapime urefu wa uso wa mbele, kina cha baraza, kimo cha ukingo wa paa, unene wa ukuta mlangoni, na ukubwa wa tofali moja pale lipu ilipobanduka. Wanakili kila herufi iliyoko ukutani, hata iliyofutika nusu. Wawaulize wazee wa mtaa nani aliuza nini humo, mwaka gani, na mlango ulifungwa lini. Majibu yanayopingana yaandikwe yote mawili. Nakala moja ibaki katika maktaba ya shule, na nyingine ipelekwe Boma la Iringa au ofisi ya utamaduni ya mkoa, ikiwa na tarehe ya kupimwa na jina la mtaa.